Barua ya Kufutwa Kazi: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Mombasa ni kaunti inayoishi kwa mshahara na kibarua. Wapo wanaofanya kazi bandarini, hotelini, kwenye magodauni, viwandani, kwenye majengo na katika nyumba za watu. Watalii wanapopungua, mzigo unapokosekana au mwajiri na mfanyakazi wanapokosana, kuna mtu atakayeambiwa asirudi kesho. Wakati mwingine huambiwa getini, kwa mdomo, na askari wa zamu. Wakati mwingine hupewa karatasi na kalamu na kuambiwa, "Weka sahihi hapa uchukue pesa zako."

Makala haya yanaeleza sheria ya Kenya inasema nini kuhusu kuachishwa kazi. Ni kwa ajili ya wafanyakazi na pia waajiri, hasa wenye biashara ndogo na wale walioajiri watu nyumbani kwao. Mara nyingi mwajiri mwenye sababu nzuri hushindwa mahakamani kwa kuwa aliruka hatua, naye mfanyakazi mwenye haki huikosa kwa kuwa alichelewa au alitia sahihi asichokisoma.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, pamoja na kifungu cha 41 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Sheria hiyo inamhusu karani wa kampuni kubwa sawasawa na mpishi wa mgahawa na msaidizi wa nyumbani.

Sababu na utaratibu

Sheria haimkatazi mwajiri kumwachisha mtu kazi. Inamtaka awe na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni sababu halali na ya haki, inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake wa kufanya kazi, au mahitaji ya shughuli za mwajiri. La pili ni utaratibu wa haki. Likikosekana moja, mfanyakazi anaweza kuwa ameachishwa kazi isivyo haki chini ya kifungu cha 45, hata kama lile jingine lipo.

Kwa hivyo swali la kwanza la kuuliza ukipewa barua ni hili: naachishwa kazi kwa kosa langu, au kwa kuwa kazi yenyewe imekwisha? Majibu haya mawili yana hatua tofauti na malipo tofauti. Barua isiyosema ni lipi kati ya hayo inafaa kuulizwa kwa maandishi.

Njia ya kwanza: unapodaiwa kosa

Mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, kwa kazi duni au kwa kutojiweza kiafya anafungwa na kifungu cha 41. Kabla ya kuamua, lazima amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoifahamu, sababu inayomfanya afikirie kumwachisha. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi mahali hapo, wakati wa maelezo hayo. Kisha mwajiri lazima asikilize majibu ya mfanyakazi na ya huyo aliyefuatana naye.

Kwa kawaida hatua hizi huanza na barua ya kumtaka mfanyakazi ajieleze, hufuatwa na kikao, na huishia kwa barua ya uamuzi. Kikao hakihitaji kuwa kama mahakama. Kinachohitajika ni tuhuma iliyo wazi, muda wa kutosha kujiandaa na uamuzi ambao haukupitishwa kabla ya mtu kusikilizwa.

Yapo makosa makubwa ambayo sheria inaruhusu mtu kufutwa papo hapo, yaani bila notisi au kwa notisi fupi. Miongoni mwake ni kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya haki, kulewa kazini kiasi cha kushindwa kufanya kazi, kupuuza kazi kwa makusudi, kumtukana mwajiri au msimamizi, kukataa amri halali, na kutenda au kushukiwa kwa misingi ya kutosha kutenda jinai dhidi ya mali ya mwajiri.

Hapa ndipo waajiri wengi hukosea. Neno "papo hapo" linaondoa notisi. Haliondoi haki ya kusikilizwa. Mlinzi wa godauni anayeshukiwa kuuza mali usiku bado anapaswa kuelezwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujibu. Vilevile wafanyakazi wengi hudhani kwamba polisi wasipowashtaki, au hakimu akiwaachilia, basi lazima warudishwe kazini. Sivyo. Kesi ya jinai na suala la kazi ni mambo mawili. Mahakama ya kazi huuliza kama mwajiri alikuwa na sababu za kweli za kushuku na kama alifuata utaratibu.

Hata aliyefutwa kwa kosa kubwa lazima alipwe mshahara wa siku alizofanya kazi hadi siku aliyofutwa, pamoja na haki nyingine alizokwisha kuzichuma, kama vile siku za likizo alizokuwa hajachukua.

Njia ya pili: kazi inapokosekana

Mfanyakazi anaweza kupoteza kazi bila kosa lolote. Biashara imeshuka, idara imefungwa, au mashine imechukua nafasi ya watu wanne. Huku ndiko kupunguzwa kazi, na masharti yake yako katika kifungu cha 40. Kwa kuwa mfanyakazi hana kosa, sheria inamlinda kwa hatua zaidi:

1. Ikiwa ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwajiri lazima akijulishe chama hicho pamoja na afisa wa leba wa eneo hilo, akieleza sababu na kiwango cha upunguzaji, angalau mwezi 1 kabla ya tarehe iliyokusudiwa.

2. Ikiwa si mwanachama, mwajiri lazima amwandikie yeye binafsi na pia amwarifu afisa wa leba.

3. Kuchagua nani aondoke na nani abaki lazima kuzingatie muda ambao mtu amekaa kazini, ujuzi wake, uwezo wake na kutegemeka kwake. Kuchagua kwa kabila, kwa undugu au kwa chuki ni kinyume cha sheria.

4. Siku za likizo ambazo hazijachukuliwa lazima zilipwe kwa pesa taslimu.

5. Mfanyakazi lazima apewe notisi ya angalau mwezi 1, au alipwe mshahara wa mwezi 1 badala ya notisi.

6. Lazima alipwe malipo ya kupunguzwa kazi yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha kazini.

Notisi ya kwanza, ile ya kukijulisha chama au mfanyakazi pamoja na afisa wa leba, haikuwekwa ili kutimiza desturi tu. Katika kesi iliyotokana na Kenya Airways kupunguza wafanyakazi mwaka 2012, Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi mwaka 2014 na kugusia jambo hili: muda huo ni wa kushauriana, ili pande zote zitazame kama kuna njia ya kuepuka kuwafukuza watu au kupunguza makali yake. Pengine zamu zinaweza kupunguzwa, wengine wakahamishiwa idara nyingine, au wanaotaka kuondoka kwa hiari wakaruhusiwa kwanza.

Mwajiri asitumie njia hii kumwondoa mtu asiyempenda. Akitangaza kwamba nafasi ya karani haihitajiki tena, kisha wiki chache baadaye akaajiri karani mwingine kwa kazi ile ile, atakuwa na kazi ngumu ya kuishawishi mahakama kwamba nafasi ile ilikuwa imekwisha kweli.

Hesabu kwa mfano

Tuchukue mhudumu wa vyumba hotelini anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi. Amefanya kazi miaka 6 na miezi 4. Hoteli inafunga nusu ya vyumba vyake na anapunguzwa kazi tarehe 12 ya mwezi, akiwa na siku 10 za likizo ambazo hajachukua. Hakupewa notisi ya mwezi, kwa hivyo atalipwa badala yake. Tukigawanya mshahara kwa siku 30, siku moja ni Sh1,000.

- Mshahara wa siku 12 alizofanya kazi: Sh12,000
- Badala ya notisi, mwezi 1: Sh30,000
- Likizo ya siku 10: Sh10,000
- Malipo ya kupunguzwa kazi, siku 15 kwa miaka 6: Sh90,000

Jumla ni Sh142,000 kabla ya makato ya kisheria. Ile miezi 4 ya mwisho haikuhesabiwa kwa sababu sheria inataja mwaka uliokamilika. Hiki ndicho kiwango cha chini kabisa. Mkataba wa mtu binafsi au makubaliano kati ya chama na mwajiri yanaweza kutoa zaidi, na yakitoa zaidi ndiyo hufuatwa.

Mhudumu huyo huyo angeambiwa ni "kosa lake", zile Sh90,000 zisingekuwepo. Ndiyo maana inafaa kujua mwajiri anapitia njia ipi, na kama njia hiyo inalingana na ukweli.

Notisi, kibarua na mkataba wa muda

Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya maandishi ya siku 28 au malipo badala yake, isipokuwa mkataba umeweka muda mrefu zaidi. Sharti hili linawabana wote wawili: mfanyakazi anayeacha kazi ghafla anaweza kudaiwa malipo ya notisi na mwajiri. Aliye katika kipindi cha majaribio anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku 7. Kipindi hicho hakipaswi kuzidi miezi 6. Kinaweza kuongezwa kwa miezi mingine 6 ikiwa mfanyakazi amekubali, wala si zaidi ya hapo.

Kibarua anayelipwa kila jioni anaweza kuambiwa kazi imekwisha jioni hiyo. Lakini sheria haimruhusu mwajiri kumweka mtu kibarua miaka na miaka. Aliyefanya kazi kwa siku mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi 1, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha kabla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi na anastahili notisi kama wengine. Wabebaji wa mizigo na mafundi wa ujenzi wanaofika mahali pamoja kila siku wanapaswa kuweka kumbukumbu ya siku wanazofanya kazi. Picha ya daftari la mahudhurio au jumbe za malipo ya M-Pesa zinaweza kuwa ushahidi.

Mkataba wa muda maalumu, kwa mfano wa msimu mmoja wa utalii, kwa kawaida huisha tarehe yake ikifika, na kutoongezwa kwake pekee si kufutwa. Ukikatizwa kabla ya tarehe hiyo, sababu na utaratibu vinahitajika.

Sababu ambazo haziwezi kuwa sababu

Kuna mambo ambayo kamwe hayawezi kuwa msingi wa haki wa kumwachisha mtu kazi. Miongoni mwake ni ujauzito, kuchukua likizo unayostahili, kujiunga na chama cha wafanyakazi au kukataa kujiunga nacho, kushiriki mgomo halali, na kumshtaki mwajiri kwa jambo lenye msingi. Mengine ni kabila, rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa, hali ya ndoa, ulemavu na hali ya HIV.

Wala mfanyakazi hahitaji kuwa amekaa muda fulani ndipo alindwe. Zamani sheria ilimtaka awe amefanya kazi miezi 13 kabla ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki. Mahakama ililitangaza sharti hilo kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2012.

Karatasi ya "sina dai tena"

Waajiri wengi hutaka mfanyakazi atie sahihi karatasi inayosema amepokea haki zake zote na hatadai chochote. Tafadhali isome kwa makini. Mahakama ya Rufaa imewahi kumkatalia dai mfanyakazi aliyekubali kwa hiari yake makubaliano ya namna hii na kuchukua pesa. Karatasi hiyo ina nguvu ikiwa ulielewa unachokubali na hukulazimishwa.

Ikiwa huelewi, omba nakala uende nayo nyumbani. Ikiwa pesa unazopewa ni sehemu tu ya unachodai, andika hivyo kwa kalamu juu ya karatasi kabla ya sahihi yako: "Nimepokea Sh kadhaa, za mshahara wa siku kadhaa tu." Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni mali yako, na mwajiri hapaswi kuuzuia mpaka ukubali kusamehe mengine.

Jambo hili linahusu pia barua ya kujiuzulu. Anayeambiwa "andika barua ya kuacha kazi la sivyo tutakufuta" asikimbilie kuandika. Ni kweli kwamba mahakama hutambua kujiuzulu kwa kulazimishwa kuwa ni kufutwa, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba ulilazimishwa utakuwa wako.

Pa kwenda, na muda ulio nao

Viwango vya kazi viko chini ya Serikali ya Kitaifa kwa mujibu wa Katiba. Serikali ya Kaunti haina mamlaka ya kuamua mgogoro kati yako na mwajiri wako binafsi, na hakuna afisa wa wadi anayeweza kuamuru ulipwe. Milango iliyo wazi ni hii:

*Chama cha wafanyakazi.* Ikiwa wewe ni mwanachama, anza hapo. Wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani wana KUDHEIHA, na wa bandarini wana Dock Workers Union.

*Afisa wa leba.* Yuko chini ya wizara inayosimamia leba. Huhitaji wakili. Atampa mwajiri nafasi ya kujibu, kisha atapendekeza suluhisho. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki yanapaswa kumfikia ndani ya miezi 3 tangu siku ulipoachishwa.

*Mahakama.* Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Mombasa. Wale ambao mshahara wao wa jumla haukuzidi Sh80,000 kwa mwezi husikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo. Unaweza kujiwakilisha, kuwakilishwa na chama chako au kuweka wakili. Wasio na uwezo wanaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo Cha Sheria, chenye afisi mjini Mombasa.

Kesi lazima ifunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3. Saa hiyo huanza kuhesabu siku unapoachishwa na haisimami kwa sababu mnazungumza. Mwajiri anayekuahidi "njoo mwezi ujao" anaweza kukufikisha mwaka wa nne, na hapo hata dai la haki hutupwa.

Wafanyakazi wa Serikali ya Kaunti wana mlango mwingine. Asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma kwa maandishi ndani ya siku 90.

Ukishinda, unapata nini?

Mfanyakazi ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba aliachishwa isivyo haki. Mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha sababu zake. Mwajiri asiye na mkataba wa maandishi wala rekodi huanza kesi akiwa nyuma, kwa kuwa kutunza rekodi hizo ni wajibu wake.

Mahakama inaweza kuamuru malipo ya notisi, haki zilizobaki, na fidia isiyozidi mshahara wa jumla wa miezi 12. Miezi 12 ndiyo kilele, si kiwango cha kila mtu. Hutazamwa muda uliofanya kazi, mchango wako mwenyewe katika kilichotokea, na nafasi yako ya kupata kazi nyingine. Kurudishwa kazini kunawezekana ndani ya miaka 3 tangu kuachishwa, lakini hutokea kwa nadra.

Weka akiba ya karatasi

Mfanyakazi, tunza nakala za mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi na barua zote, na uzihifadhi nje ya eneo la kazi. Andika tarehe uliyoachishwa, aliyekuambia, na waliokuwepo. Dai cheti cha utumishi. Ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki 4 au zaidi, hata kama mliachana vibaya.

Mwajiri, andika mkataba, andika tuhuma, msikilize mtu wako, andika uamuzi. Kazi inapopungua kweli, mwarifu afisa wa leba mapema na uwaeleze watu wako ukweli. Barua mbili na kikao cha saa moja ni nafuu kuliko fidia ya miezi 12.